Solo na Solo ya Pili: Shajara ya Kurekodi Metali ya Melodi Arusha

Wiki ya 1, Machi

Baada ya mwaka mzima wa kupiga nyimbo za watu wengine katika chumba kilicho nyuma ya gereji hapa Kijenge, tumekubaliana kurekodi nyimbo tano za kwetu wenyewe, zote kwa Kiswahili, katika mtindo wa roki nzito ambao mashabiki wake huuita metali ya melodi. Tuko watano: magitaa mawili, besi, dramu, na dada mmoja mwenye sauti mbili, moja ya kanisani na nyingine ambayo mama yake bado hajaisikia. Mimi napiga gitaa la kwanza, na ndiye niliyeachiwa kuandika shajara hii, kwa sababu kila tulipojaribu kukumbuka tulichokifanya wiki iliyopita tuliishia kubishana.

Kwa msomaji asiyeufahamu mtindo huu, inatosha kusema kwamba ulizaliwa ukiwa tayari ni mchanganyiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Gothenburg, mji wa bandari wa Uswidi, walikuwa wakipiga metali ya kifo, yenye kasi, magitaa mazito na sauti ya kunguruma, lakini masikio yao yalikuwa yamelelewa na Iron Maiden wa London, ambao magitaa yao huimba melodi moja kwa pamoja, moja likiwa juu ya jingine. Vikundi vya At the Gates, Dark Tranquillity na In Flames viliyaweka mambo hayo mawili katika chungu kimoja, na albamu zilizotoka kati ya 1995 na 1996, nyingi zikiwa zimerekodiwa katika Studio Fredman, ndizo zilizoupa mtindo sura yake. Uingereza nako Carcass walikuwa wameshaelekea huko mwaka 1993 kwa albamu ya Heartwork. Miaka michache baadaye Wamarekani wa Massachusetts, wakiwamo Killswitch Engage, walizichukua melodi zilezile, wakazichanganya na hadikoo, muziki mkali uliotokana na panki, na kuongeza viitikio vya kuimbwa kwa sauti safi. Swali letu ni kama Arusha inaweza kutia kitu chake humo bila kukitia kama pambo.

Wiki ya 2

Wiki hii yote imekwenda kwenye nyuzi na umeme.

Tumeamua kushusha nyuzi zote toni mbili, ili uzi mnene ambao kwa kawaida ni E ya hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, uwe C ya hezi 65. Ukiushusha uzi wa kawaida kiasi hicho unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kila ukiupiga kwa nguvu nota inapanda kwanza kisha ndiyo inatulia. Tulihitaji seti zenye uzi wa mwisho mnene zaidi, na hapa mjini tulizopata ni za gitaa la kwaya. Tumeziagiza Nairobi, zikapitia Namanga katika kifurushi cha basi, na kifurushi kimekaa siku tatu zaidi katika ofisi ya basi kwa sababu mtu aliandika jina langu akasahau namba ya simu.

Umeme umetusumbua zaidi. Gitaa la mwenzangu lina pikapu (vile vinasa vya mtetemo wa nyuzi) za koili moja, na ukishaweka disitosheni, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa, ya kiwango cha metali, ule mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani, pamoja na ndugu yake wa hezi 100, unakuzwa pamoja na muziki hadi unasikika kama nyuki ndani ya debe. Fundi alipofungua soketi alikuta waya wa ethi umekatwa na kukunjwa vizuri kabisa, kana kwamba aliyefanya hivyo alikuwa akisafisha. Ameuunganisha upya. Mvumo umepungua lakini haukuisha, kwa hiyo gitaa hilo litawekewa pikapu za koili mbili, ambazo zimesukwa ili koili moja ifute mvumo unaookotwa na nyingine.

Wiki ya 4

Tumeshindwa, na ni vizuri niandike tumeshindwaje.

Mpango wa awali ulikuwa kuchukua uimbaji wa Kimaasai na kuuweka juu ya rifu zetu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa. Wazo lenyewe si geni. Sepultura, kikundi cha metali cha Brazil, walikwenda kurekodi na Waxavante, watu wa asili wa huko, kwa ajili ya albamu yao ya Roots ya 1996, na hapahapa Arusha X Plastaz walishaonyesha katika hip hop kwamba sauti ya Kimaasai inaweza kusimama bega kwa bega na sauti ya kijana wa mjini. Rafiki yangu niliyesoma naye, mtu wa Monduli, alikuja na wenzake watatu wa rika lake. Yeye ndiye olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, na wale watatu walishika ule mdundo wa kooni unaotoka kifuani kwa pumzi fupifupi. Walirekodi kwa dakika arobaini na ilikuwa ndiyo sauti nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia katika chumba kile.

Kisha tukaiweka juu ya rifu. Rifu zetu zimepigwa kwa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kila pigo mahali pake, ilhali uimbaji wao unapumua, unavuta mwendo pale kiongozi anapotaka na kuurudisha wanapomwitikia. Nilikaa siku mbili mbele ya kompyuta nikiukata uimbaji vipandevipande ili uingie katika mistari ya metronomu, na kila kipande kilichoingia kilikuwa kimepoteza uhai kidogo. Rafiki yangu alipokuja kusikiliza alinyamaza hadi mwisho, akasema, "Kaka, hapa mimi nimeita lakini hakuna aliyeniitikia. Hao wenzangu umewahamisha."

Alikuwa sahihi. Mwito ulikuwa umeachana na kiitikio chake kwa nusu pigo, kwa sababu nusu pigo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Tumeondoa uimbaji wote huo katika nyimbo. Rekodi ya dakika arobaini nimempa kama ilivyo, na naamini ni kazi iliyokamilika pasipo sisi.

Wiki ya 5

Nalazimika kuandika kwa kirefu leo.

Jumanne tulikuwa tumekaa bila kupiga kitu, umeme ulikuwa umekatika, na mwenzangu wa gitaa la pili alikuwa akichezea gitaa kavu, akipiga vile vipande vya dansi ambavyo baba yake huviweka kwenye gari kila asubuhi. Alikuwa akipiga nota mbili kwa wakati mmoja, kwenye nyuzi mbili zilizo jirani, zikipanda na kushuka pamoja kwa umbali wa tatu. Nilimwambia apunguze mwendo. Kisha nikamwomba aanze kipande kilekile lakini atulie kwenye la badala ya kutulia kwenye do. Sote tulisikia.

Nitaeleza kwa sol-fa, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza muziki kwenye kwaya kabla ya kushika gitaa. Ukipanga nota katika jozi za umbali wa tatu unapata la na do, ti na re, do na mi, re na fa, mi na sol, fa na la, sol na ti. Baadhi ya jozi hizo zina nusu toni tatu na nyingine zina nusu toni nne, na kupishana huko ndiko kunakofanya melodi ya sauti mbili isichoshe. Mpiga solo wa dansi anatumia mnyororo huohuo na nyumbani kwake ni do, ndiyo maana muziki wake unachangamka. Magitaa ya Gothenburg yanatumia mnyororo uleule, ila nyumbani kwao ni la, na mara nyingine wanapandisha sol kuwa se ili kurudi nyumbani kwa mvuto zaidi. Huko kuhama nyumba ndiyo tofauti kubwa. Sikio la mtu aliyekulia kwenye dansi limeshaijua kazi ya magitaa mawili kabla hajasikia metali hata siku moja.

Na hapa Arusha jambo hili lina mizizi. Mwaka 1970 Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walihama Tanga wakaja Arusha, wakaunda Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakaenda Mombasa ambako bendi ilipata jina la Simba Wanyika, lililokuja kuvuma kutoka Nairobi. Sifa ya bendi hiyo ni magitaa yanayosemezana: solo, solo ya pili na rithim, kila moja na kamba yake, na ukilitoa moja kitambaa chote kinafumuka. Nilikuwa nikitafuta cha Arusha huko porini, kumbe kilikuwa kwenye redio ya gari la mzee wa mwenzangu.

Umeme uliporudi tulijaribu kukipiga kipande kile kwa disitosheni, na kikaharibika vibaya. Jambo hili limetuchukua siku mbili kulielewa. Gitaa kavu linaziacha nota mbili zikae kila moja kivyake, lakini disitosheni inazisaga pamoja na kuzaa nota nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, mojawapo ikiwa na mtetemo ulio sawa na tofauti ya mitetemo ya zile mbili. Nota zikiwa na umbali wa tano, kama do na sol, uwiano wao ni 3 kwa 2 na nota inayozaliwa ni do ileile ya chini, ndiyo maana rifu nyingi za metali zimejengwa juu ya umbali huo. Ukipiga la na do, uwiano ni karibu na 6 kwa 5, na kinachozaliwa chini kabisa ni fa, mgeni ambaye hakualikwa. Isitoshe, mafreti ya gitaa hayaziweki nota za umbali wa tatu mahali pake hasa, yanazikosa kidogo, kwa hiyo huyo mgeni naye anaingia akiwa nje ya tuni.

Dawa yake ni ya zamani na ndiyo waliyoitumia Iron Maiden na wote waliowafuata: nota ya juu ipigwe na gitaa moja kwenye amplifaya yake, nota ya chini ipigwe na gitaa jingine kwenye amplifaya yake, na zikutane hewani baada ya kila moja kusagwa peke yake. Kile anachoweza kukifanya mpiga dansi mmoja kwa vidole viwili, katika metali kinahitaji watu wawili. Tumegawana: mimi nachukua solo, mwenzangu anachukua solo ya pili, na hakuna anayeruhusiwa kugusa nyuzi mbili kwa pamoja katika vipande hivyo isipokuwa ziwe za umbali wa tano.

Tulijaribu pia kile kifaa cha mguu kinachoongeza nota ya pili chenyewe. Cha kwetu ni cha bei rahisi na kinaongeza nusu toni zilezile kila wakati, hakijui kwamba la na do ni tatu lakini do na mi ni nne. Kimerudishwa kwa mwenyewe.

Wiki ya 6

Mvua. Paa ni la bati tupu, na masika haya hayana adabu. Tumetundika mashuka ya kimasai na magodoro ya sponji ukutani, lakini ya juu hatukuyaweza. Hakuna kilichorekodiwa.

Wiki ya 7

Tumejenga upya wimbo wa pili na wa tatu kwa umbo la dansi. Wimbo wa dansi wa kawaida una sehemu mbili: ya kwanza ni ya mwimbaji na mashairi yake, mwendo ukiwa wa kadiri, na ya pili ni chemko, ambapo magitaa yanachukua usukani na watu wanainuka. Nyimbo nyingi za metali ya melodi zinazunguka kati ya ubeti na kiitikio, halafu magitaa mawili yanapewa nafasi katikati kabla ya kurudi kwenye kiitikio. Sisi tumeamua kutorudi. Wimbo wa tatu unaanza kwa mwendo wa mapigo 92 kwa dakika, dada anaimba beti tatu na kuitikiwa, kisha mwendo unakuwa maradufu na magitaa yanaingia na kuendelea hadi mwisho, yakiongeza tabaka moja kila mzunguko.

Mpiga dramu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Katika mapigo 184 kwa dakika, miguu yote miwili ikijaza kila robo ya pigo, ngoma ya mguu inalia zaidi ya mara kumi na mbili kwa sekunde, na hapo magitaa yangeweza kusema lolote bila kusikika. Baada ya kubishana sana tumefikia kwamba miguu miwili itatumika kwenye rifu nzito tu. Chemko likianza, mguu unabaki mmoja, snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inaangukia katikati ya mapigo kama kawaida ya metali ya kasi, na mdundo unabebwa na matoazi, kama wafanyavyo wapiga dramu wa dansi. Alipojaribu mara ya kwanza alicheka peke yake. Alisema mkono wake wa kulia uko harusini na wa kushoto uko vitani.

Gitaa la rithim ndilo lililokosekana, kwa maana tuko magitaa mawili na yote yanaimba. Kazi hiyo amepewa mpiga besi, ambaye sasa anatumia kipiki na disitosheni kidogo. Mimi binafsi sijaridhika na sauti hiyo bado.

Wiki ya 9

Sauti. Dada yetu anaimba viitikio kwa sauti safi na beti kwa kunguruma. Kunguruma si kupiga kelele, na anayekufanya kwa kulazimisha koo atakaa bila sauti wiki nzima, kama nilivyokaa mimi mwaka jana. Kinachotetema ni mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe, pumzi inasukumwa kutoka tumboni, na koo linaachwa wazi kama mtu anayepiga mwayo. Alianza na dakika tano kwa siku na sasa anafika ishirini. Anasema kilichomsaidia kuliko vyote ni kuwasikiliza wale vijana wa Monduli walipokuwa wakishika mdundo wa kooni, jinsi walivyokuwa hawaongezi nguvu bali pumzi.

Lile somo la mwito na kiitikio nalo halikupotea. Katika beti anayenguruma ndiye anayeita, na magitaa mawili ndiyo yanayoitikia, si kabla hajamaliza. Tumezima metronomu katika sehemu hiyo ya wimbo wa nne na kumwacha yeye aongoze mwendo. Dramu inamtazama mdomoni.

Jumamosi jirani yetu alikuja hadi mlangoni akiwa na mwiko mkononi. Tulimwamkia sote kwa pamoja, "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Huyu binti yangu anaumwa nini?"

Dada alimweleza kwamba anaimba, akamwimbia na kiitikio kwa ile sauti ya kanisani. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo uimbe saa mbili usiku. Ile nyingine imba mchana, watoto wangu wanashindwa kulala." Ratiba imebadilishwa.

Wiki ya 11, Juni

Kuchanganya. Kila gitaa limerekodiwa mara mbili, tabaka mbili zikiwa kushoto na mbili kulia, si kwa kunakili bali kwa kupiga upya, kwa kuwa ni zile tofauti ndogondogo za mkono zinazoufanya ukuta wa sauti uwe mpana. Kwenye chemko solo iko kushoto na solo ya pili iko kulia, hivyo mwenye kuvaa spika za masikioni anasikia mazungumzo yenyewe. Magitaa nimeyakata kila kilicho chini ya hezi 90 ili besi na ngoma ya mguu zipate pa kukaa.

Kosa langu lilikuwa kuzipunguza sauti za kati. Magitaa ya metali ukiyasikiliza peke yake yanapendeza sana ukitoa sauti za kati, yanakuwa mazito na yenye makali, na ndiyo sababu kila mwanafunzi wa mtindo huu huanza hivyo. Lakini melodi inaishi hukohuko katikati. Mpiga besi alilichukua toleo langu akaliweka kwenye hiace ya shemeji yake inayokwenda Ngaramtoni, wakazunguka nalo asubuhi moja, na jibu lililorudi ni kwamba abiria walisikia matoazi na mtu mwenye hasira. Solo ya pili, kazi yote ile ya wiki ya tano, haikuwapo. Kwenye spika ya simu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa spika ndogo kama ile sauti za chini haizitoi kabisa, na zile za kati nilikuwa nimezitoa mimi mwenyewe.

Nimezirudisha, na nimepunguza disitosheni kwa karibu theluthi moja. Gitaa likisikika peke yake sasa linaonekana jepesi, hata la aibu. Yote yakilia pamoja, ni zito kuliko mwanzo. Toleo la pili limepita mtihani wa hiace: kondakta, ambaye hatukumwambia lolote, alikuwa akiupiga mlango kwa viganja kwenye chemko la wimbo wa tatu.

Wiki ya 12

Nyimbo tatu zimekamilika. Wa nne unasubiri besi kurekodiwa upya bila disitosheni, kwa kuwa hatimaye mwenyewe amekubali kwamba rithim inahitaji pigo kavu. Wa tano una solo tu, hauna solo ya pili, kwa sababu mwenzangu ni mwongoza watalii na msimu umeanza, yuko Karatu na hatarudi hadi wiki ijayo.

Jana usiku amenitumia ujumbe wa sauti, akiiimba sehemu yake kwa sol-fa huku jenereta ikinguruma nyuma yake. Amefuata mnyororo wote vizuri hadi mzunguko wa mwisho, ambapo chini ya re yangu palipaswa kuwa na ti, naye ameimba ta, nusu toni chini zaidi. Nimemuuliza kama amekosea, akajibu kwamba hakumbuki. Nimerekodi zote mbili, yenye ti na yenye ta, na nimeziacha bila majina kwenye folda moja hadi atakaporudi kuzisikiliza.